Nusu Saa Bila Kujigeuza

Kila mmoja wenu, siku yake ya kwanza dukani, nilimpeleka stoo, nikamwambia avue viatu, nikamlaza chali kwenye kile kitanda cha kona na kumwamuru asijigeuze kwa nusu saa. Najua mlinisema. Kuna aliyesema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na kuna mwingine, ambaye sitamtaja ila soksi zake zilikuwa na matundu, alilala akakoroma. Mliponiaga juzi kwa keki na hotuba, mlinitaka niwaandikie jinsi ya kuchagua godoro la kitanda cha hospitali kinachowekwa nyumbani kwa mtu. Mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nimejaribu na umenishinda. Jambo lenyewe nililijua kwa kuaibika, na sijui namna ya kuaibika kwa ukurasa mmoja.

Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa viwili, na vyote vilikuja na ufunguo wa ziada na lawama zaidi.

Niliingia dukani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa makochi kando ya Barabara ya Ngong, pale mafundi wanapoanika sofa juani na kuzifuta vumbi kutwa nzima. Sponji niliijua. Niliweza kufunga macho, kuibonyeza kwa goti na kukwambia itadumu miaka mingapi kabla ya kuwa uji. Mwenye duka alikuja kutafuta mtu wa kukata sponji kwa sababu vitanda alivyoagiza kutoka nje vilikuwa vimefika bila magodoro. Nikaona ni kazi ileile, isipokuwa kochi la hospitali ni refu na halina mito. Nilivaa shati jeupe, nikaja mjini nikiwa na kisu changu cha kukatia sponji kimefungwa kwenye gazeti, na mlinzi wa jengo akakaa nacho hadi saa nne akiuliza maswali.

Aliyenitoa ujinga ni Sista Felista. Alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba, na saa ya kubana kifuani kana kwamba bado yuko wodini. Kazi yake dukani ilikuwa kuwashauri wateja, lakini mara nyingi aliwagombeza, nao wakarudi. Siku hiyo ya kwanza alinitazama nikipanga visu vyangu, akaniuliza, "Wafula, ukikaa kwa kiti saa moja, unajigeuza mara ngapi?"

"Sijui, Sista."

"Hujui kwa sababu mwili wako unajigeuza bila kukuuliza. Mgonjwa wetu mwili wake umeacha hiyo kazi. Lazima godoro ifanye nusu, na watu wa nyumbani wafanye nusu. Sasa enda ukate sponji."

Alinifundisha mambo kwa mtindo huo, kidogo kidogo, kila fundisho likifuatwa na amri. Pima kitanda, usipime godoro la zamani, kwa sababu la zamani limeshalaliwa na watu na limepanuka. Uliza hospitalini uzito wa mgonjwa, usiwaulize jamaa zake, maana watakwambia uzito aliokuwa nao kabla ya kuugua. Kati ya uso wa godoro na ncha ya reli za pembeni ibaki shubiri nzima, la sivyo reli ni mapambo tu. Na alinifundisha kiganja. Mgonjwa akishalala, unaingiza mkono chini ya godoro, mkabala wa makalio, kiganja kikitazama juu. Ukiusikia uzito wa mfupa umekukalia kiganjani, jua godoro limegota: mgonjwa amelala kwenye chuma, na sponji ipo tu kama shahidi.

Kiganja kilinipendeza. Kilikuwa kitu cha fundi, hakikuhitaji mashine wala Kiingereza. Nikajiona nimeshajua kazi. Hapo ndipo penye hatari katika kazi yoyote, na mimi nilifika hapo ndani ya mwaka mmoja.

Mama Wambui aliuza viazi soko la Kawangware, mwanamke aliyezoea kujitwika gunia bila kumngojea mbebaji. Kiharusi kilimwangusha kibandani pake. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja, "haya," ambalo sasa alilitumia kukubali, kukataa, kuomba maji na kufukuza kuku. Alikaa wiki kadhaa katika hospitali moja upande wa Upper Hill, kisha akaruhusiwa kurudi kwake Kabiria. Bintiye, Wambui, aliyekuwa karani mjini, aliacha kazi ili amtunze. Ndiye aliyekuja dukani kukodisha kitanda.

Nilikipeleka mwenyewe kwa pikapu ya duka. Nilipofika, sebule ilikuwa imejaa kina mama wa kikundi cha kanisa lao, karibu ishirini, vitambaa vichwani, chai na mandazi mezani. Katikati yao, limeegemezwa ukutani kama mgeni wa heshima, palikuwa na godoro. Lilikuwa la inchi kumi, la maua mekundu, gumu, na bado limo ndani ya nailoni yake ya kiwandani, limefungwa utepe. Walikuwa wamechanga, wamelileta, wameliimbia na kuliombea. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Njoroge. Alikuwa mwanamke mrefu wa Waithaka, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa ili isikike.

"Karibu, kijana. Godoro tuko nayo tayari. Wewe weka tu kitanda."

"Mama, hiki kitanda kinakuja na godoro lake."

Akalitazama langu, la inchi sita, kwenye bega langu. "Hiyo ni kama chapati. Hii yetu ni high density. Hata ndovu akilalia haibonyei."

"Na hii nailoni, Mama?"

"Iache. Ukitoa itachafuka. Tunataka Mama Wambui akipona aipate ikiwa mpya."

Kila mtu akasema amina. Mgonjwa naye, kutoka kwenye kochi alipokuwa ameketishwa, akasema haya.

Ninyi mnaosoma mnajua nilichopaswa kusema. Nami nilikijua. Godoro gumu hivyo haliupokei mwili, linausukuma, na mfupa wa mgonjwa aliyekonda ndio unaosukumwa kwanza. Nailoni inazuia jasho lisipite, ngozi inaloweka kama nguo kwenye beseni. Unene ule ulizimeza reli, zikabaki vidole vitatu tu juu ya godoro. Na kitanda kikiinuliwa upande wa kichwa, godoro gumu halikunjiki vizuri, kwa hivyo mgonjwa huteleza kuelekea miguuni huku ngozi ya mgongo ikibaki nyuma. Niliyaona yote manne. Lakini nilikuwa kijana mgeni, ndani ya nyumba ya watu, mbele ya zawadi iliyokwisha kuombewa, na akina mama ishirini wananiangalia kwa upendo. Nikalitandika.

Nikamwambia Wambui asogeze kitanda kiguse ukuta, ati kwa usalama. Kisha, Mama alipokwisha kulazwa, ili nipate amani moyoni, nikaingiza kiganja changu chini ya godoro. Sikusikia kitu. Mkono ulikaa raha mustarehe, nikajiambia, basi, kipimo kimekubali, mimi ni nani nikatae. Nilipewa chai na mandazi manne. Niliyala yote manne, na hadi leo nayakumbuka moja moja.

Wiki tatu baadaye simu ya duka ililia mara moja ikakatika, kama tulivyofanya wakati ule ili mwenye uwezo apige. Nikapiga. Alikuwa Wambui.

"Wafula, mum ako na bedsore. Tafadhali kuja uangalie hiyo godoro, juu hizo vitu zingine zote nafanya. Namwosha, namlisha, nampaka mafuta. Sijui nakosea wapi."

Nilimkuta muuguzi wa zahanati ya mtaani akibadilisha plasta. Walikuwa wamemlaza Mama ubavu. Kidonda kilikuwa juu kidogo ya makalio, pale mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo unapochomoza, kipana kama kifuniko cha soda, kingo nyekundu, katikati cheusi. Nikagusa shuka alipokuwa amelalia. Lilikuwa limelowa, na chini yake nailoni ililia kwarakwara. Wambui alikuwa amesimama mbele ya dirisha akijipangusa mikono kwa aproni, akijipangusa tena na tena ingawa ilikuwa mikavu.

Muuguzi alinivuta nje kwenye mahindi ya uani. "Hii ikifika kwa mfupa itaingia kwa damu. Na huyu mama hana nguvu ya kupigana nayo. Msichana hajaambiwa hivyo, lakini wewe nakuambia. Tukikosa kuifunga hii, tutampoteza."

Nilirudi mjini moja kwa moja hadi kwa Sista Felista, nikamweleza yote, hata mandazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ulifanya kiganja?"

"Nilifanya, Sista. Sikusikia kitu kabisa."

"Ya chini. Na ya juu?"

Sikujua kuna ya juu. Alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Mkono wa chini ya godoro unakuambia kama ni laini sana. Mkono kati ya mgonjwa na godoro unakuambia kama ni ngumu sana. Ukiweka hapo na mfupa ukufinye, basi unamfinya yeye masaa yote. Wewe ulienda na mkono moja, Wafula. Na hiyo ya pili pengine ni makosa yangu, nilikuwa sijakufunza. Lakini nailoni uliiona kwa macho."

"Niliiona."

"Basi wewe ndiye ulimlaza pale, na wewe ndiye utamtoa. Mimi siendi."

Nilimkasirikia mchana wote. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya pili haijaniisha, bali imenizoea. Niliapa mbele ya meza ya kukatia sponji, bila mtu kunisikia, kwamba kidonda kile kitafunga hata kama itabidi nihamie Kabiria.

Tulikuwa na godoro la hewa dukani, lile lenye pampu inayojaza mirija kwa zamu. Kwa karatasi ndilo lililofaa. Lakini nilimuuliza Wambui swali ambalo nawaomba muulize kila nyumba kabla ya kufungua kitabu cha bidhaa: stima hupotea mara ngapi hapa? Akacheka kwa mara ya kwanza. Godoro la hewa bila stima ni mfuko mtupu, na mgonjwa anarudi kwenye chuma. Kwa hivyo nilikata la sponji. Chini niliweka inchi nne za sponji imara ya kubeba uzito, juu inchi mbili za laini, na ile ya juu nikaichonga kwa kisu changu cha makochi, vilima na mabonde kama trei ya mayai, ili uzito ugawanyike na hewa ipite. Nilichonga siku mbili. Juu yake nikavika kitambaa kinachonyumbulika, kisichopitisha mkojo lakini kisichofungia joto. Shuka moja tu, tena lisikazwe kama la jeshini, kwa sababu shuka lililokazwa hufanya sponji laini kuwa ngoma. Mto nao uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Na nawasihi, mtu wa ukoo asije na tyubu ya baiskeli akasema mgonjwa aikalie. Hutokea kila mahali, na kila mara anayeileta ni shemeji.

Nilichagua kwenda Alhamisi, kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo siku kikundi kilikutana kwa Mama Wambui. Ningeweza kwenda Jumatano nikalibadilisha kimyakimya. Lakini kimya ndicho kilichotufikisha hapo.

Walinikaribisha kwa furaha. Nikakataa chai, na hapo wakajua kuna jambo.

"Kina mama," nikasema, "hili godoro lazima litoke leo."

Mama Njoroge akaweka kikombe chini. "Kijana. Unataka kusema zawadi yetu ndio imeumiza Mama Wambui?"

"Mimi ndiye niliyemuumiza, Mama. Ninyi hii si kazi yenu, ni yangu. Nilikuja hapa, nikaona haifai, nikanyamaza kwa sababu niliwaogopa. Sasa kidonda kinaelekea kwenye mfupa, na kikifika huko atakufa."

Neno hilo lilinitoka kabla sijalipima. Wambui aliketi ghafla kwenye mkono wa kochi. Mwanamke mmoja akasema jina la Yesu. Mama Njoroge hakusogea.

"Godoro ngumu ni mzuri kwa mgongo," akasema polepole. "Hiyo kila mtu anajua. Mimi mwenyewe nyumbani nalalia ngumu."

"Wewe unajigeuza, Mama. Yeye hawezi. Nikuombe kitu kimoja. Ulale hapo nusu saa. Bila kujigeuza."

"Nusu saa tu?"

"Nusu saa tu."

Tulitandika godoro jipya sakafuni juu ya mkeka, tukambeba Mama Wambui wanawake wanne na mimi, tukamlaza ubavu, mto mgongoni. Mama Njoroge akavua viatu, akapanda kitandani na gauni lake la kikundi, akalala chali, mikono kifuani. Kwenye ukuta palikuwa na saa yenye picha ya maporomoko ya maji. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Dakika tano za kwanza watu walitaniana. Mmoja akamuuliza kama aitiwe padri. Dakika ya nane akasogeza vidole vya mguu.

"Vidole inaruhusiwa?" akauliza.

"Vya Mama Wambui vya kulia havisogei," nikasema.

Akaviacha. Dakika ya kumi na mbili jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Mtu akataka kumpangusa. Akakataa kwa macho. Nilidhani ataamka, na nawaambia ukweli, nilitaka aamke, kwa sababu sikuwa nimekuja kumtesa mtu wa rika la mama yangu. Lakini yule mwanamke alikuwa ameambiwa nusu saa. Wenzake waliacha mzaha. Mmoja akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, wengine wakauchukua, ule wa kuwasaidia watu kubeba kitu kizito. Alilala hivyo hadi mshale wa saa ukafika.

Alipoinuka, nailoni ililia na gauni likabaki limemganda mgongoni, limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Aliweka mkono nyuma, pale juu ya makalio, akaushikilia hapo. Kisha akapiga magoti mkekani.

"Yeye huwa anakaa hapo masaa ngapi?" akaniuliza bila kunitazama.

Wambui ndiye aliyejibu. "Kutoka breakfast mpaka jioni, Mama. Nilikuwa naogopa kumgeuza. Nilidhani nitamuumiza."

Mama Njoroge aliushika mkono mzima wa rafiki yake, akalia waziwazi, kama mtoto. "Nisamehe, dada yangu. Tulikupenda vibaya."

"Haya," akasema Mama Wambui.

Kisha mwenyekiti akajipangusa uso na kurudi kuwa mwenyekiti. "Toeni hii kitu kwa kitanda. Lakini mimi sirudishi zawadi kanisani, hiyo haijawahi fanyika. Wambui, wewe unalala wapi?"

"Kwa kochi."

"Tangu lini?"

"Tangu mum atoke hospitali."

Waliichana ile nailoni kwa kisu changu, wakaiondoa vipande vipande, wakalipeleka godoro la maua chumba cha nyuma na kumtandikia Wambui. Lilimfaa kabisa, alikuwa kijana, mzima, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kuinua. Waliliombea tena, safari hii kwa ajili yake. Nilipokuwa nafunga kamba za pikapu, Mama Njoroge alinifuata hadi getini.

"Na hii yako ya trei ya mayai," akasema, "wewe umeilalia?"

"Mimi? Hapana, Mama."

"Nusu saa hujawahi?"

"Sijawahi."

"Kwa hivyo na wewe unabahatisha." Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Sawa. Nusu saa yako nimeiweka."

Si kuimba kwetu kulikokifunga kidonda. Kwanza kilizidi. Muuguzi alikata ile nyama nyeusi, na chini yake palikuwa na shimo lililonifanya nitoke nje nikashike ukuta. Wiki iliyofuata Mama alishikwa na homa, na tulidhani tumechelewa. Lakini Mama Njoroge alikuwa ameandika zamu, kama zile za kufagia kanisa, na kuzibandika mlangoni: wanawake wawili, kila saa mbili, kuanzia asubuhi hadi jioni, kumgeuza Mama Wambui kushoto, kulia, kushoto. Aliyechelewa aliulizwa mbele ya wote. Nilipita kila Jumanne na Ijumaa kabla ya kazi, nikaweka mkono wa chini na mkono wa juu, yote miwili, nikaandika kwenye daftari. Sponji ya juu ilipoanza kulegea niliichonga upya. Homa ilishuka. Shimo likaanza kupata rangi ya nyama nyekundu safi, likapungua kina, kisha upana. Mahindi ya uani yalipokuwa machanga tulianza. Yalipovunwa muuguzi alibandua plasta, akaangalia muda mrefu, akasema imefunga. Nilitoka nikakaa kwenye magunzi nikalia, na kuku wakanizunguka wakidhani nina kitu cha kuwapa.

Mama Wambui aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki haikuwa kwa kidonda. Wambui alirudi mjini kufanya kazi, na hadi leo hunitumia salamu Krismasi.

Nilifanya nyumba nyingi baada ya Kabiria, kutoka Riruta hadi kwenye maghorofa ya wenye lifti. Nilijifunza kuondoa nailoni kabla hata ya kusalimia. Nilijifunza kumuuliza mgonjwa mwenyewe, hata asiye na maneno, kwa sababu uso husema godoro linapofinya. Sista Felista alistaafu mara ya pili na kuniachia ile saa ya kifuani, ambayo kwa aibu sijawahi kuivaa. Lakini kuna kitu kimoja sikukifanya. Sikulala. Kila mara nilisema kesho, wateja wamejaa, pikapu inangoja. Niliwachagulia watu magodoro miaka ile yote na sikuwahi kulilalia hata moja kwa nusu saa.

Mwishoni mwa mwongo ule simu ikaja kutoka Waithaka. Mama Njoroge alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Wanawe, watu wa maofisi ya Upper Hill, walitaka kumnunulia godoro kubwa kuliko yote mjini. Akawakataza wasiguse kitu hadi Wafula afike.

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, kitambaa kichwani kimenyooka vilevile. Nilifunga kitanda, nikatandika godoro la tabaka mbili, shuka moja lisilokazwa. Nikajiandaa kumwinua.

"Ngoja," akasema. "Vua viatu."

"Mama?"

"Unadhani nilisahau? Panda. Chali. Mikono kifuani."

Nikapanda. Akasogeza kiti chake karibu, akauweka mkono wake wenye saa juu ya paja ili aione vizuri. Dakika chache za kwanza nilijisifu kwa kazi nzuri. Dakika ya kumi bega likaanza kuniomba. Ya kumi na tano nilihisi kisigino kuliko nilivyowahi kuhisi kiungo chochote changu, na hilo likiwa godoro zuri, nililolikata kwa mikono yangu. Nikamkumbuka Mama Wambui juu ya lile jingine, kutoka chai ya asubuhi hadi jioni, wiki tatu, akisema haya kwa kila tulichomfanyia. Sikuwahi kujua nilimfanyia nini hadi hapo. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni, na sikuweza kuyapangusa kwa kuwa mikono ilipaswa kukaa kifuani.

Mlango ukafunguliwa. Mwanawe mkubwa aliingia, suti, funguo za gari mkononi, akasimama.

"Mum, huyu ni nani amelala kwa kitanda yako?"

Mama Njoroge hakuondoa macho kwenye saa.

"Mwache," akasema. "Amebakisha dakika kumi na moja."